Siku Nilipomvua Mama Mkwe

Wadau, mimi ndiye mwanaume niliyemvua mama mkwe wangu mchana kweupe, mbele ya askari, mbele ya binti yake, na bado nikapewa mke.

Tulia kwanza. Usianze kunilaani.

Nimesema nilimvua. Sikusema nilimvua nguo. Nilimvua kama anavyovuliwa samaki: kwa ndoana, kwenye sikio, na nikavuta.

Haya, sasa vuta kiti.

Mimi ni kinyozi. Kibanda changu kina viti viwili, kioo chenye ufa kwenye kona, na redio ambayo haizimiki mpaka uichomoe kwenye umeme. Ukiitazama vizuri, kazi yangu ni kuzunguka masikio ya watu nikiwa na kitu chenye makali. Na miaka yote ya kazi hii sijawahi kumjeruhi mteja sikio. Hata watoto wanaorukaruka kama panzi, hata walevi wanaosinzia kitini. Wote wanatoka na masikio yao mawili, salama.

Mchumba wangu nilimpata hapohapo kibandani. Alimleta mpwa wake kunyolewa. Mtoto akalia, yeye akacheka, mimi nikasahau nilikuwa nanyoa upande gani. Mtoto akaondoka na kichwa cha ajabu, na mimi nikabaki na namba ya simu.

Kila kitu kilikwenda sawa mpaka nilipopelekwa kwa mama yake.

Mama yake alikuwa hakimu. Amestaafu yeye, uhakimu haujastaafu. Mtaa mzima wanamwita Mheshimiwa, mpaka muuza maziwa. Ukimwamkia anakutazama kwanza kana kwamba anatafuta kifungu kinachokuhusu, ndipo anaitikia.

"Shikamoo mama."

Akanitazama. Akavua miwani, akaipangusa, akaivaa tena.

"Marahaba. Unafanya kazi gani?"

"Kinyozi, mama."

"Unakunywa?"

"Chai tu, mama."

"Unavua?"

Nikashtuka. "Navua... navua nini, mama?"

Mchumba wangu akapatwa na kikohozi cha ghafla, akakimbilia jikoni.

"Samaki, kijana. Samaki."

"Aaah! Samaki navua sana, mama. Samaki ndiyo mimi mwenyewe."

Uongo mtupu. Samaki mimi namjua akiwa kwenye sahani, tena awe amekaangwa.

"Vizuri," akasema Mheshimiwa. "Jumamosi tutakwenda wote hifadhini, kwenye lile ziwa la msituni. Mimi mwanaume simjui akiwa anaongea. Namjua akiwa anangoja."

Nikaelewa papo hapo. Posa yangu ilikuwa inakwenda kusikilizwa ziwani.

Kesho yake nikamkimbilia Gundi. Gundi ni fundi viatu, kibanda chake kimepakana na changu, na hakuna jambo duniani asilolijua. Akiwa hajui pia anakwambia.

Nilimkuta ana misumari midomoni, anagonga soli. Nikamweleza. Nikamwambia na sharti la kule: hifadhini hawaruhusu ndoana yenye mwiba.

Kwa wale wenzangu wa samaki wa sahani, nifafanue. Ndoana ya kawaida ina kimwiba kidogo karibu na ncha, kimeelekea nyuma. Ikishaingia mdomoni mwa samaki, kile kimwiba kinagoma isitoke. Kule hifadhini wamekipiga marufuku, kwa sababu samaki wa kule haliwi. Unamshika, unamtazama, unamrudisha majini akiwa mzima. Kwa hiyo ndoana inatakiwa iingie kistaarabu na itoke kistaarabu. Ukija na yenye mwiba, askari anaubonda kwa plaizi palepale getini, ukilalamika unarudishwa ulikotoka.

Gundi alicheka mpaka misumari ikamdondoka.

"Ndoana bila mwiba? Huo si mlango bila komeo? Samaki anaingia, anakusalimia, anaondoka zake! Na wewe unaenda kutafuta mke kwa kitu kama hicho?"

"Sasa nifanyeje?"

Akafungua kopo lake la makorokoro, akapekua, akatoa ndoana moja nyeusi, ina kimwiba kama jino la paka.

"Ficha hii. Hao wa getini waoneshe za kistaarabu. Mambo yakiwa magumu, funga hii. Samaki akimeza hapa, hata akienda kwa baba yake mzazi hatoki."

Nikaichomeka ndani ya ukingo wa kofia yangu. Nikajiona mjanja wa dunia nzima.

Jumamosi tukaondoka asubuhi kwa gari la Mheshimiwa, gari dogo kuukuu linalonguruma kuliko linavyokwenda. Mbele mama na binti, nyuma mimi na fito za kuvulia zinanichoma mbavu.

Getini tukampata askari wa hifadhi, kijana mrefu mwenye sauti ya upole, plaizi kiunoni na donge la pamba mkononi. Anachukua ndoana yako, anaichomeka kwenye pamba, anavuta. Ikitoka safi, pita. Ikitoka na nyuzi za pamba, ina mwiba, inakwenda kwenye plaizi.

Zangu zikatoka safi. Za Mheshimiwa hata hakutaka kuzipima.

"Mheshimiwa, zako tunazijua."

"Pima," akasema yeye. "Sheria ni msumeno." Akanigeukia mimi. "Unakata wapi na wapi, kijana?"

"Mbele na nyuma, mama."

Nikashika kofia yangu. Jasho jembamba likanishuka mgongoni kama mjusi.

Ziwani kulikuwa kimya kiasi kwamba unasikia tumbo lako mwenyewe. Miti imezunguka pande zote, maji yametulia kama yamepigwa pasi. Mheshimiwa akanituma nikachukue viti kwenye gari. Jua lilikuwa kali lakini njia ilipita kwenye matawi ya chini, kofia ikawa inang'oka kila hatua, nikaiacha juu ya jiwe hatua chache tu kutoka ukingoni. Niliporudi nikaikuta palepale, nikaivaa.

Tukaanza.

"Sikiliza," akasema Mheshimiwa. "Samaki akishika, usilegeze mshipi wa ndoana hata kidogo. Ndoana hii haina mwiba. Kinachomshikilia ni mkono wako tu. Ukizubaa, kaondoka."

Nikazubaa. Akaondoka.

Akaja mwingine. Nikafurahi, nikageuka kumwonesha mchumba wangu, mshipi ukalegea, naye akaaga.

"Shauri limetupwa," akasema Mheshimiwa bila hata kunitazama.

Mchumba wangu amekaa kwenye mkeka na chupa ya chai, anakula karanga, anacheka kwa mabega.

Yeye mama hakuhangaika na samaki wadogo. Alikuwa anamtafuta mmoja tu, jitu zee la samaki, wenyeji wa pale wanamwita Mwenyekiti. Mchumba wangu aliniambia mama yake amekuwa akimfuata tangu baba yao afariki. Kila akimshika, Mwenyekiti anatikisa kichwa tu, ndoana inachomoka, anazama.

"Anataka kumfanya nini, na samaki wenyewe hawaliwi?" nikamnong'oneza.

"Hajawahi kusema. Ukimuuliza anakwambia swali haliruhusiwi."

Samaki wangu wa tatu alipochomoka, nikasikia sauti ya Gundi kichwani. Mlango bila komeo. Nikamwangalia yule askari, alikuwa anazunguka ukingoni mbali kidogo. Nikamwangalia Mheshimiwa, macho yake yako majini. Nikaingiza vidole kwenye ukingo wa kofia, nikachomoa ndoana, nikaifunga kwa kupapasa, mikono chini ya shati kama mtu anayejikuna. Hata kuiangalia sikuiangalia. Moyo ulikuwa unapiga ngoma ya harusi, na harusi yenyewe bado haijapatikana.

Ndipo ufito wa Mheshimiwa ukakunjika mpaka ukabusu maji.

"Ni yeye!" mchumba wangu akapiga kelele, karanga zikamwagika. "Mama, ni yeye!"

Kiherehere kikanipanda. Nikasema na mimi nirushe haraka, huenda Mwenyekiti ana mdogo wake. Nikarudisha ufito nyuma kwa nguvu zangu zote, nikataka kuutupa mbele, ukagoma. Nikajua nimenasa kwenye tawi.

Nikavuta.

Tawi likasema, "Kijana."

Jamani.

Niligeuka taratibu sana, kama mtu anayejua atakachokiona na hataki kukiona. Mheshimiwa amesimama, ufito mikononi umekunjika, Mwenyekiti anavuta upande wa majini, na mshipi wangu mimi umenyooka kutoka mkononi mwangu mpaka kwenye ndewe ya sikio lake la kushoto. Kitone kimoja cha damu kinateremka shingoni.

"Mama! Mama samahani, mama!"

"Achia mshipi wako," akasema kwa utulivu wa mahakamani. "Mimi wangu siachii. Sikio litasubiri."

Yule askari akaja mbio. Akaona sikio. Akanyoosha mkono kuichomoa ndoana.

Hapo ndipo nilipokufa nikafufuka. Nilijua ni ndoana gani ile. Akilini nilimwona yule kijana akivuta, kimwiba cha Gundi kikigoma, ndewe ya Mheshimiwa ikichanika vipande viwili. Ningenyamaza, pengine ningesingizia chochote. Mdomo haukunisubiri.

"Usivute! Ina mwiba! Ni ya magendo, niliificha kwenye kofia! Usivute, utamchana!"



Mchumba wangu akanitazama kama ananiona kwa mara ya kwanza. Askari akanitazama. Mheshimiwa hakunitazama, lakini niliona jicho lake la upande wangu likipepesa.

Askari akaishika ndoana kwa vidole viwili, akairudisha kidogo kinyumenyume.

Ikatoka. Laini. Kama kijiti kwenye siagi.

Akaichomeka kwenye pamba yake, akavuta. Safi. Hakuna hata unyuzi.

"Kaka," akaniambia kwa huruma, "hii haina mwiba. Umekunywa maji leo?"

"Jua limempiga," akasema Mheshimiwa upesi. "Kijana, kaa kivulini. Askari, njoo unisaidie huku."

Nikakaa kivulini kweli. Nikajiuliza Gundi kanipa nini. Nikajiuliza kama uchawi upo.

Wakati huo Mheshimiwa alikuwa anamvuta Mwenyekiti kidogo kidogo mpaka maji ya kina kifupi. Na safari hii Mwenyekiti alitikisa kichwa, akatikisa tena, akaruka, akapiga maji kwa mkia. Hakuchomoka. Askari akaingia majini, akampakata. Bonge la samaki, mgongo kama gogo, macho yamechoka kama ya mzee aliyeona mengi.

"Mtoe ndoana haraka, arudi majini," Mheshimiwa akamhimiza.

Askari akashika ndoana mdomoni mwa samaki. Akavuta. Haikutoka. Akageuza mkono, akajaribu tena. Haikutoka. Maji yakaanza kuwa mekundu.

Akainua kichwa pole pole.

"Mheshimiwa," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba asisikike. "Hii ina mwiba."



Askari akachomoa plaizi, akaisukuma ncha ya ndoana mbele mpaka ikatokeza nje, akaukata mwiba, akaitoa ndoana. Mwenyekiti akalala ubavu. Akawa anaelea tu, mdomo wazi.

Mimi nimeona watu wengi wakijuta kwenye kiti changu, baada ya kukata nywele walizozifuga miaka. Lakini sijawahi kuona sura kama aliyokuwa nayo yule mama. Aliutupa ufito, akaingia majini na gauni lake na viatu vyake, akamshika yule samaki kwa mikono miwili, akamsimamisha wima, akawa anamsogeza mbele na nyuma ili maji yampite kwenye matamvua apate pumzi.

"Amka," alikuwa anamwambia. "Amka mzee wangu. Tafadhali."

Askari amesimama. Mchumba wangu amesimama.

Kisha akamwinamia samaki, akatazama chini ya kidevu chake. Palikuwa na doa jeupe, umbo la ukucha.

"Kweli alimshika," akasema. "Mungu wangu. Kweli alimshika."

Sikuelewa anasema nini. Nikamwona tu akiendelea kumsogeza, mbele na nyuma, mpaka ghafla mkia ukapiga. Maji yakamrukia mama usoni, na Mwenyekiti akazama zake bila hata kugeuka.

Ndipo askari akafungua kiganja.

"Ndoana hii ni ya nani?"

Nikaiangalia. Mwiba umekatwa, lakini nyeusi ile niliijua. Ilitoka kwenye kopo la Gundi, wallahi. Ile ndoana ilikuwa ya kwangu.

Nikaitazama ya Mheshimiwa iliyotoka sikioni, ile iliyokuwa mwisho wa mshipi wangu. Akili ikapiga hesabu yenyewe. Wazee wa mahakama, mna mambo nyie.

"Ni yangu," nikasema.

"Imefikaje kwenye mshipi wa mama?"

"Mimi ndiye niliyeileta huku. Niliificha kwenye kofia."

Wadau, sikusema uongo hata neno moja. Niliacha tu sentensi moja ya katikati ipotee njiani. Mheshimiwa akafungua mdomo, nami nikakohoa kikohozi kirefu, nikakohoa mpaka akaufunga.

Askari akaninyang'anya ufito na kila kitu. Kuvua pale marufuku mpaka msimu ujao. Na juu ya hapo, akanikalisha getini na plaizi: kila mgeni akija na ndoana yenye mwiba, mimi ndiye wa kuubonda, na kumweleza ni kwa nini.

Nikabonda. Familia zinapita, watoto wananinyooshea kidole. "Baba, huyu kafanya nini?" Mchumba wangu akaniletea chai, akaniambia nina akili za kuku, kisha akakaa karibu yangu kuliko alivyowahi kukaa. Sijui hesabu za wanawake.

Jua lilipoanza kulegea, akaja Mheshimiwa. Gauni bado limelowa, plasta sikioni. Akamtuma binti yake akakunje mkeka. Kisha akavuta kigoda, akakaa, akatoa plaizi nyingine mfukoni, akachukua ndoana, akabonda.

"Mama, acha tu. Adhabu ni yangu."

"Nimetoka kwa askari. Nimemweleza yote. Na mimi kanipa plaizi."

Nikaduwaa. "Kwa hiyo mimi nimeachiwa?"

"Kwa lipi? Wewe ulidhamiria, ukaficha, ukafunga. Kilichokuokoa ni mwizi mwenzako. Jaribio la kosa nalo ni kosa. Bonda."

Nikabonda.

"Ulinijuaje, mama?"

"Pale getini ulishika kofia kila askari alipokusogelea. Mtu mwenye kosa hushika pale alipoficha. Nimekaa mahakamani miaka mingi, nimewaona wengi kama wewe. Nikakutuma viti. Ukaiacha kofia, nikaipekua, nikaikuta. Nikaweka yangu mahali pake, nikasema huyu akifunga, nimemjua. Nikataka kuitupa yako." Akaigeuza plaizi mkononi. "Halafu nikauangalia ule mwiba wake. Sikuitupa."

Akabonda ndoana nyingine, polepole.

"Marehemu alirudi siku moja akasema kamshika Mwenyekiti, kamwona ana doa jeupe chini ya kidevu, kamwachia. Nilimcheka. Nilimwita mwongo mbele ya wageni mezani. Tukawa tunafanya utani, kila akisema jambo namuuliza, je, lina doa jeupe? Alikuwa anacheka. Lakini hakurudi tena ziwani. Alipofariki nikataka kuona mwenyewe." Akapangusa miwani. "Nilikaribia kumuua shahidi pekee niliyebaki naye."

Nikampa ndoana nyingine abonde.

Baadaye akasema, "Ulipiga kelele."

"Eeh?"

"Ungeweza kunyamaza. Mwenye hatia hunyamaza, kwa kawaida. Wewe ulijishtaki mwenyewe kwa sababu ya sikio langu. Na pale majini ulinikoholea."

"Nilikuwa na mafua, mama."

"Usiongeze kosa."

Ndipo nikaliona tabasamu lake kwa mara ya kwanza. Lina pengo upande mmoja, na linafanana na la binti yake mpaka nikaogopa.

"Waambie wazazi wako waje tuzungumze," akasema. "Na waje na wewe. Kibanda chako nacho nitakikagua."

Leo tuna mwaka ndani ya ndoa. Mama mkwe ananyolewa kwangu, anakaa kitini wima kama yuko kizimbani, na nikifika upande wa kushoto anasema, "Polepole, mshtakiwa."

Funzo langu ni hili, nalo nalisema nikiwa nimelipia kwa aibu. Gundi aliniambia kitu kisicho na mwiba hakishiki. Mwongo. Kinashika, ila kinakulazimisha wewe uwe makini muda wote: mke, rafiki, mteja, hata ugomvi. Kwa hiyo unachokishika, kishike kwa namna ambayo siku ukilazimika kukiachia, kitaondoka kikiwa hai.